Blanketi la Tangi

Watu huniambia hasira hasara. Wananiambia sokoni, wananiambia baada ya misa, na mdogo wangu wa kiume ananiambia kwenye simu kabla hata sijapandisha sauti. Mimi huwajibu kwamba nimekulia Nakivale, kambi ya wakimbizi, kwenye foleni, na foleni imenifundisha kwamba mpole ndiye anayefika dirishani wakati dirisha linafungwa. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka jana niliichukia hita ya maji kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu yeyote, sitanii. Asubuhi nilikuwa nikiipita naisonya, na jioni nikirudi naisonya tena.

Ilikuwa hita ya umeme ya zamani, tangi la chuma jeupe lenye kutu kwenye mishono, limetundikwa kwenye ukuta wa nje wa bafu letu chini ya kipande cha bati. Nyumba yetu ni ile ndogo ya nyuma, kwenye kiwanja cha mke wa askari, hapa Mbarara karibu na kambi ya jeshi. Yeye na mumewe walikaa humo kabla hawajajenga nyumba kubwa ya mbele, na walipohama waliiacha hita ukutani. Mimi nauza mapazia na mablanketi ya mitumba sokoni. Nilikuwa naishi humo peke yangu, naoga maji baridi, wala sikuwa na ugomvi na tangi lolote.

Kisha Mama akaanguka. Alianguka Nakivale, katikati ya matuta ya maharage yake, akaamka upande wa kulia umepooza. Mguu ulirudi, ingawa unaburuta. Mdomo ulirudi, na maneno yote yakarudi nao, hata yale ambayo ningependa yabaki huko yalikokwenda. Kilichokataa kurudi ni mkono. Vidole vilijikunja kwenye kiganja vikakaa hivyo, vimekaza, na ukijaribu kuvifungua unahisi unamwibia mtu kitu.

Nilimleta Mbarara kwa ajili ya ule mkono, na alikuja kwa sharti moja, kwamba ukifunguka anarudi. Shamba la Nakivale si lako kwa hati. Unaonyeshwa kipande, unalima, na ni kule kulima kunakolifanya liwe lako. Likilala msimu mmoja jirani anasogeza mpaka. Likilala wa pili unakuta mihogo ya mtu mwingine, na mwenye mihogo anakusalimia vizuri kabisa. Mama alilitoa shamba lile vichakani kwa mikono yake mwenyewe, na alitaka awe ameshika jembe kabla ya mvua za mwezi wa tisa. Hakuna kingine alichokuwa akikitaka duniani. Alikulia upande wa Kongo wa ziwa, karibu na Uvira, kabla hajaolewa Burundi, na ndiye aliyetulea kwa Kiswahili chake.

"Mukono ikifunguka, miye narudi," aliniambia siku ya kwanza, kifurushi chake kikiwa bado begani. "Usininunulie hata sahani."

Hospitalini, mama mmoja wa mazoezi ya viungo alitufundisha la kufanya. Kila asubuhi mkono uloweshwe kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ulegee, kisha vidole vifunguliwe kimoja kimoja. Alisema uvuguvugu, na akalirudia. Lakini sisi tuna namna yetu ya kukanda. Kwetu mzazi aliyejifungua, au mtu aliyeteguka, hukandwa kwa maji yanayomfanya awaite marehemu wake kwa majina. Maji ya uvuguvugu ni ya kuoshea vikombe. Tulitoka pale tukiwa tumekubaliana, bila kusemezana, kwamba yule mama ni mpole mno kwa kazi yake.

Mwanzoni nilikuwa nachemsha maji kwenye jiko la makaa. Lakini Mama huamka kabla ya majogoo, anasali, na akishasali hamngojei mtu. Asubuhi moja nilimkuta amebeba sufuria inayotokota kwa mkono wa kushoto, ameiegemeza kwenye nyonga, anaburuta mguu kuelekea bafuni. Nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba akatoka nje akidhani tumevamiwa. Siku hiyo hiyo nikaenda kumwomba atuwashie hita. Nilifanya hivyo ili Mama asiungue. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu mimi silisahau.

"Hita iko," alisema mwenye nyumba, ambaye kila mwanamke humwita nyabo, yaani bibie. "Lakini mita ni moja, nyabo. Mimi nitawasha yeye jioni, nikienda kulala nazima. Usiku yote, hapana."

Swichi ilikuwa ndani kwake. Kwa hiyo moto uliowekwa jioni ulipaswa kulala ndani ya tangi mpaka alfajiri. Nikakubali, nikashukuru, nikamletea na pazia la dirisha la sebuleni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi kamba yangu naijua, sikuivuta.

Alfajiri ya kwanza nilimsindikiza Mama mpaka mlango wa bafu. Aliingia peke yake na kuugeuza ule msumari unaotumika kama komeo. Hilo halikuwa na mjadala. Mtoto haoni utupu wa mama yake, hata kama mama huyo mguu mmoja unaburuta, na Mama alikuwa tayari aanguke na kuvunjika kuliko nimwone. Fundi mmoja wa mabomba alikuwa amemfungia kipande cha bomba ukutani cha kushikilia. Kwa hiyo alifungua mfereji kwa mkono wa kushoto, akaurudisha ule mkono kwenye bomba ili asianguke, na ule wa kulia, ngumi yake, akauweka chini ya maji kusikiliza kama moto umefika. Moto ukifika ndipo ajaze beseni. Mimi nilisimama nje kwenye umande, nasikiliza maji yanavyotiririka.

"Mayi iko baridi," alisema.

"Ngojea kidogo, Mama. Ile ya mu bomba itoke kwanza."

Maji yakatiririka. Ndege wakaanza kelele zao kwenye migomba ya mwenye nyumba.

"Nimengojea. Ingali baridi."

Alipotoka, ngumi imeshakaushwa kwa leso, niliingia nikaweka mkono chini ya mfereji. Yalikuwa baridi kweli, baridi ya kisimani. Nikaitukana hita, nikamtukana aliyeitengeneza, na Mama akaniambia kutoka nje kwamba ametoka kusali sasa hivi na hataki kusikia hayo.

Ikawa hivyo asubuhi baada ya asubuhi. Anafungua, anangojea, anasema baridi. Naingia baada yake, naonja, ni baridi. Na kwa kuwa fundi alikuwa amenieleza kwamba kila tone la moto likitoka, la baridi linaingia nafasi yake, nilijikataza kuugusa ule mfereji kabla ya Mama. Hata mkono sikunawa. Nilikuwa nanawa kwenye ndoo, ili kila kilichomo tangini kiwe cha Mama.

Nilimwendea mwenye nyumba.

"Mama afande, hita yako haishiki moto."

"Hiyo hita ni mzima," alisema. "Mimi na afande tumeoga na yeye miaka mingi. Nyinyi watu ya Nakivale mnapenda sana kulalamika."

Nilimjibu kwamba watu wa Nakivale nao wana ngozi, na baridi wanaijua. Hakunisemesha mpaka Jumapili.

Nikamwita tena yule fundi, mtu mzima mwenye mwendo wa polepole unaoudhi, ambaye huzungumza na vyombo vya watu kabla ya kuzungumza na wenyewe. Aliliwekea tangi kiganja, akalizunguka, akalipigapiga kwa kidole.

"Hii tangi hana koti," alisema. "Zile mpya ziko na koti ndani. Huyu hana. Joto inatoka kwa mwili yake usiku yote."

"Basi nimvalishe."

"Valisha. Lakini hapa chini kwa waya, acha wazi. Na hii valvu acha ipumue, usifunge yeye mdomo. Na bomba hii inatoka juu, funga yeye pia. Na moto usipandishe sana, nyabo. Maji ikiwa moto zaidi, na joto inakimbia zaidi."

Nilisikia yote isipokuwa lile la mwisho. Hata hivyo nilijua la kufanya, au nilidhani najua. Mama alikuwa anapika pombe ya ndizi Nakivale tulipokuwa wadogo. Ndizi unaziivisha kwenye shimo lililopashwa moto, unazifunika kwa majani ya mgomba, juu unaweka udongo, na hufunui mpaka siku yake. Hata pombe yenyewe ikishakamuliwa unaifunika kwa majani ilale na joto lake. Joto kwetu hutunzwa na mgomba, ndivyo nilivyolelewa. Nikaenda kwa wachuuzi wanaoshusha ndizi za matoke kutoka Isingiro, wale wanaotandika majani makavu ya mgomba kwenye lori mikungu isichubuke, wakanipa majani tele. Nililizungushia tangi majani yale tabaka juu ya tabaka, nikayafunga kwa kamba za mgomba, nikaacha wazi pale kwenye waya na kwenye valvu. Likavimba likawa mzinga. Mume wa mwenye nyumba, aliyekuwa likizo siku hizo, aliuliza kama nimeanza kufuga nyuki.

Asubuhi Mama akasema baridi.

Siku hiyo hiyo ikanyesha mvua isiyo ya msimu, upepo ukaipitisha chini ya lile bati. Niligusa majani jioni nikakuta yamelowa mpaka ndani, yanachuruzika, na tangi limegandamana nayo kama mtoto aliyelazwa kwenye godoro bichi. Fundi alipita akacheka, na kicheko chake nilikichukua kibaya sana.

"Kitu iko na maji haiwezi kufunika," alisema. "Inakunywa joto."

Niliyang'oa majani yote kwa mikono miwili mbele yake, nikayatupa uani. Hasira ile haikuwa ya majani. Mdogo wangu alikuwa amepiga simu mchana ule kusema kwamba jirani wa Nakivale ameshafyeka mpaka kwenye kile kichuguu kilicho ndani ya shamba letu, na kwamba anasema anatusaidia tu, nyasi zisizidi.

"Wewe una mikono miwili mizima," nilimwambia. "Kalime."

"Dada, mimi niko kazini Kabingo, unajua. Na shamba alionyeshwa Mama. Wakubwa wa kambi wanataka kumwona Mama na jembe."

"Basi wamngojee."

"Mvua haimngojei mtu, dada. Na hasira hasara."

Nikamkatia simu. Nilimchukia yeye, nikamchukia jirani na kichuguu chake, na mwisho chuki yote nikairudisha ukutani, kwenye lile tangi, kwa sababu lilikuwa karibu na lilikuwa halijibu.

Sokoni nilichagua blanketi zito kuliko yote niliyokuwa nayo, la sufi, rangi ya kahawia, lile ambalo mke wa padri wa Kianglikana alikuwa ameniomba nimwekee. Sikumwekea. Nililikunja mara mbili nikalizungusha tangi, nikalishona kwa sindano ya magunia na uzi wa kushonea viatu. Juu yake nikavuta shitingi, ile plastiki ya kambini, kipande cha paa letu la kwanza kabisa Nakivale, ambacho Mama alikuja nacho kwenye kifurushi kwa sababu Mama hatupi kitu. Mvua isingepita hapo tena. Nilishona jua likinichoma shingoni, natukana kila sindano inapoteleza, na Mama amekaa kwenye kigoda ananitazama, ngumi yake mapajani.

"Unaivalisha vizuri kuliko miye," alisema.

"Wewe ungekubali kuvalishwa, ningekuvalisha."

"Shona, mwanangu. Mudomo haishone."

Alfajiri, kabla hajatoka, nilipenyeza vidole chini ya blanketi. Chuma kilikuwa na joto. Kilikuwa na joto zuri, lile la ubavu wa ng'ombe, na nusura nicheke peke yangu gizani. Nilirudi kusimama mahali pangu. Mama akaingia, akageuza msumari, maji yakaanza kutiririka.

"Mayi iko baridi."

Sikuamini. Nilimwambia angojee. Akangojea, akangojea mpaka nikawa nahesabu kuni za mwenye nyumba kwa hasira. Baridi. Nilipoingia baada yake nikaonja, yalikuwa baridi. Nikaenda kwenye tangi nikapenyeza vidole, nalo sasa lilikuwa limepoa.

Mtu mwenye akili iliyotulia angekaa chini na kuliwaza jambo hilo. Mimi sikuwa nayo. Nilisema, tangi lina moto, bafuni hakuna moto, basi moto unapotelea njiani. Kosa ni la bomba. Nikachukua masweta mabovu ya sokoni, yale yasiyouzika, nikayakata mikono, nikalivisha bomba sweta juu ya sweta toka kwenye tangi mpaka linapoingia ukutani, nikafunga kwa mipira ya baiskeli. Mwenye nyumba alisimama mlangoni kwake amekunja mikono.

"Nyabo," aliniita, "unataka hita yangu avae na viatu?"

Jibu nililokuwa nalo lingetuhamisha, nikaendelea kukaza mipira.

Asubuhi, baridi. Na asubuhi nyingine, baridi. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa Isingiro, Nakivale iliko, kila alasiri, na Mama alikuwa anayatazama zaidi kuliko alivyokuwa ananitazama mimi. Mkono wake ulikuwa palepale. Jioni nilikuwa najaribu kumfungua vidole vikiwa vikavu, navivuta, na yeye anageuza uso ukutani. Hakulalamika kwamba vinauma. Nilidhani ni ujasiri wake wa siku zote.

Nikamrudia fundi.

"Pandisha moto," nilimwambia.

"Nilikwambia, nyabo. Ukipandisha, inapotea zaidi."

"Ipotee. Itakayobaki inatutosha."

Alifungua kile kifuniko cha chini, akatazama kile kidude cha kupimia moto, akanitazama mimi.

"Hapo juu ni maji ya kunyonyoa kuku."

"Kuku ni wangu. Pandisha."

"Kale," alisema, yaani haya basi. Akapandisha mpaka mwisho, akakusanya vifaa vyake bila kuaga. Nikaenda kwa mwenye nyumba nikamwomba, kwa sauti nzuri ambayo sijui niliitoa wapi, jioni ile aiache hita iwake mpaka ijizime yenyewe. Nadhani alikuwa amechoka na mimi. Alikubali.

Asubuhi ile nakumbuka kila kitu chake. Kulikuwa na ubaridi mkali, na pumzi zetu zilikuwa zinaonekana. Mama aliingia, msumari ukageuka, maji yakaanza. Nilisimama nimekunja mikono, nimejikaza kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mtoto wake. Kwanza niliona ukungu kwenye kile kidirisha cha juu. Halafu mvuke ukaanza kutoka chini ya mlango, mweupe, mzito, ukapita juu ya vidole vyangu vya miguu, na ulikuwa wa moto. Nilitabasamu. Nasema kweli, nilitabasamu.

"Mayi iko baridi," alisema Mama.

Nilitazama ule mvuke miguuni pangu. Nikamsikia akikohoa kidogo, akibadilisha mguu.

"Ingali baridi," alisema tena, kwa uvumilivu, kama mtu anayemwambia mtoto mkaidi.

Nilisukuma mlango kwa bega, msumari ukaruka. Mama alikuwa amesimama katikati ya mvuke ule, uchi, mkono wa kushoto kwenye bomba la ukutani na wa kulia umenyooshwa chini ya mfereji. Maji yalikuwa yanaupiga pale pale kwenye vifundo vya vidole. Niliingiza mkono wangu kuufunga mfereji, maji yakanirukia, nikautoa kwa yowe. Mfereji niliufunga kwa leso yake. Ngozi ya juu ya ngumi yake ilikuwa imeanza kuinuka, imelegea, yenye kung'aa.

Alikuwa ameachia bomba ili ajisitiri kwa mkono wa kushoto, akayumba, nikamdaka. Hakuwa anautazama mkono. Alikuwa ananitazama mimi, na sijawahi kuona hasira kama ile usoni pake, hata siku ile tulipokimbia Burundi.

"Toka," alisema. "Unaona mama yako?"

"Mama, umeungua."

"Toka, nakuambia."

"Mama. Tazama mukono."

Aliutazama. Aliutazama kama kitu ambacho mtu mwingine amekisahau pale.

"Haiumi," alisema.

Kwenye zahanati, muuguzi alimfunga dawa na kitambaa, kisha akamwambia afumbe macho. Alichukua ncha ya kalamu akamgusa kidole kimoja baada ya kingine, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu, na kila mara alimuuliza anasikia wapi. Mama alikuwa amefumba macho vizuri, kitiifu, kama mtoto wa katekisimu. Akasema anangojea aanze.

Ndipo nilipoyaelewa yote, nimesimama pale mlangoni na mkoba wake mkononi. Mkono ulikuwa hausikii. Haukuwahi kusikia tangu siku ile kwenye matuta ya maharage. Maji yalikuwa yanafika. Kila asubuhi yalikuwa yanafika na moto wake, na Mama anasimama akiungojea moto huo kwa mkono usioweza kuujua, anauachia uende na mtaro, mpaka tangi linakwisha na la baridi linaingia. Kisha naingia mimi nyuma yake, naonja, nakuta baridi, na kwenda kumtukana mtu. Hata mvuke wa asubuhi ile nadhani aliuona ni ukungu wa baridi. Blanketi lilikuwa linafanya kazi. Masweta yalikuwa yanafanya kazi. Sijui, pengine hata majani, asubuhi ile kabla ya mvua. Muuguzi alisema pengine utarudi kusikia, pengine hautarudi, na kwamba kuanzia sasa maji yake yaonjwe na mtu mwingine. Uvuguvugu, alisema. Safari hii nililisikia.

Fundi aliushusha moto. Mwenye nyumba alikuja na maziwa kwenye birika, akaliweka juu ya meza, akasema pole sana, nyabo. Ningependa zaidi anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yake kwa mwezi mzima, nina majibu yote, na hakunipa nafasi ya kutoa hata moja. Nilitoka nje nikasimama mbele ya hita, na blanketi lake la sufi, na kipande cha paa letu, na mikono yake ya masweta, nikakosa pa kuanzia. Ilikuwa imetunza ilichopewa. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuing'oa ukutani na sikuwa na hata kosa moja la kuisomea.

Kidonda kilipokauka, Mama mwenyewe alinikuta mlangoni pa bafu alfajiri. Alikuwa amejifunga kitenge kifuani, kimekazwa kwa fundo alilolivuta kwa meno.

"Utaingia," alisema. "Lakini utatazama ukuta."

Niliingia, nikatazama ukuta. Nilijaza beseni juu ya kigoda, nikaonja, nikachanganya, nikaonja. Nikamshika kiunoni kwa mkono mmoja asianguke, ili ule wake wa kushoto uwe huru kufungua vidole vya mwenzake. Mkono wangu mwingine niliuacha ndani ya beseni, uingojee ngumi yake.

"Iko moto?" aliuliza.

"Iko sawa, Mama. Iko vuguvugu."

Aliutumbukiza.

"Na zile siku zote, ilikuwa inafika?"

"Ilikuwa inafika."

"Na miye naimwanga bule."

Tulifanya hivyo kila asubuhi, yeye na vidole vyake, mimi na ukuta wangu. Gumba lilianza kulegea kidogo. Vingine vilikataa. Ulipoingia mwezi wa tisa mdogo wangu alipiga simu kusema kwamba jirani amepanda, mahindi, shamba zima, mpaka mlangoni pa nyumba. Nilimtukana mpaka simu ikazima. Mama aliniuliza anasema nini, nikamwambia anamsalimia.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa bafuni mvua ya kwanza iliposhuka juu ya bati, ile mvua yenyewe, nzito, ya kupandia. Mama aliinua kichwa, akaisikiliza. Kisha akainama juu ya beseni, akaanza kukivuta kidole cha shahada kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo, akikivuta na kukirudia, akihema. Nilimwacha. Mvua ilinyesha mpaka dirisha likapata mwanga. Maji ya beseni yalikuwa yamekwisha moto kitambo, na ya tangini nilikuwa nimeshayaongeza yote, na vidole vyangu vilikuwa vinauma kwa baridi, na mkono wake mzima ulikuwa humo humo pamoja navyo.

"Ingali moto?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ingali, Mama," nikamwambia. "Vuta tu."